Kosa langu la kwanza lilikuwa kukubali

Siku ya tatu ya kusoma pamoja, mwenzangu alifunga kitabu, akakilaza mezani taratibu, akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana.

"Basi mbona kila ninachosema unaitikia?"

Sikuwa na la kujibu. Kwetu Lushoto, mtu akiongea nawe ukatikisa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo, anaondoka akijua umemheshimu. Mwenzangu aliona kinyume kabisa. Aliona nimemwacha asome peke yake.

Hiyo ilikuwa Yerusalemu, mwishoni mwa 2019. Nilikuwa nimemaliza chuo cha theolojia nyumbani, nangoja kubarikiwa na kupangiwa usharika, nikapata nafasi ya kusoma Kiebrania cha Biblia. Asubuhi nilikuwa darasani na vitenzi vyangu. Jioni, mara mbili kwa wiki, nilikwenda kwenye bet midrashi moja, yaani nyumba ya kusomea ya Kiyahudi, iliyokuwa wazi kwa kila mtu, hata kwa Mlutheri asiye na mbele wala nyuma katika Kiaramu. Bet ni nyumba, neno lilelile ambalo kwa njia ya Kiarabu limetupa ubeti wa shairi. Midrashi nayo ni ndugu wa madrasa. Kwa hiyo hata jina la mahali pale lilinipokea kama jirani.

Mwenzangu alikuwa Mmarekani anayesomea urabi, yaani ualimu wa dini ya Kiyahudi. Baadhi ya vyuo vya marabi vya kwao huwapeleka wanafunzi kuishi na kusoma Yerusalemu kwa mwaka mzima. Tulipangwa pamoja kwa sababu sisi wawili ndio tuliochelewa siku ya kwanza.

Utaratibu wao unaitwa havruta. Watu wawili, meza moja, kitabu kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, anafasiri, mwingine anamkatiza. Ukumbi mzima uko hivyo kwa wakati mmoja, jozi baada ya jozi, kwa hiyo ukiingia unadhani umeingia sokoni siku ya gulio. Chuo nilichotoka, ukikohoa maktaba watu wanageuka. Hapa mwalimu alipita katikati ya meza mikono nyuma, na alipoona jozi iliyo kimya ndipo aliposimama kuuliza kuna tatizo gani. Wengine walikuwa wakiyumbayumba mbele na nyuma wanaposoma, kama watoto wa chuo cha Kurani kule Tanga kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye ni Muislamu. Nilipompigia simu nikamweleza, akasema, "Kumbe wanajua kusoma."

Mwenzangu hakuniacha na aibu yangu. Alifungua ukurasa wa 84 wa Bava Metsia, kimojawapo cha vitabu vya Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa sheria na mabishano ya marabi wa kale, akanisomea habari ya Rabi Yohanan na Resh Lakish. Resh Lakish alikuwa jambazi. Rabi Yohanan akamvuta kwenye masomo, akamwoza dada yake, wakawa wanasoma pamoja miaka mingi. Siku moja walibishana juu ya visu na mapanga, ni wakati gani kifaa cha chuma kinahesabiwa kuwa kimekamilika. Katika ubishi ule Rabi Yohanan akamtupia mwenzake neno la zamani zake za ujambazi. Likamchoma. Resh Lakish akaugua, akafa.

Rabi Yohanan alizama katika majonzi. Wenzake wakamtafutia msomaji mwingine, kijana hodari, Elazar mwana wa Pedat. Kila Rabi Yohanan alipotoa hoja, kijana alisema: kuna fundisho linalokuunga mkono. Mwisho mzee akapasuka. Unadhani wewe ni kama mwana wa Lakish? Yeye nikisema neno alinipinga mara 24, nami nikampa majibu 24, na jambo likapanuka lenyewe. Wewe unaniambia kuna fundisho linaloniunga mkono. Kwani mimi sijui kwamba nimesema vizuri? Akatoka akizunguka, akilia, akirarua nguo zake, akiuliza yuko wapi mwana wa Lakish, mpaka akili ikamtoka, naye akafa.

"Wewe ni yule kijana," mwenzangu akaniambia. Hakuwa akitania sana.

Kwenye Talmudi hiyohiyo, katika kitabu cha Taanit, kuna msemo wa Kiaramu ambao wanafunzi pale walikuwa wakiutupa kama sisi tunavyotupa methali: o havruta o mituta. Ama mwenzi, ama mauti. Sikuhitaji tafsiri ya neno la mwisho. Mituta na mauti ni wa ukoo mmoja, sikio la Mswahili linayatambua. Msemo umewekwa mwishoni mwa habari ya Honi, aliyelala miaka 70. Alipoamka akaenda kwenye nyumba ya kusomea, akasikia watu wakisema kwamba fundisho la leo limenyooka kama enzi za Honi. Akasema, Honi ni mimi. Hawakumwamini, wala hawakumpa heshima iliyomstahili. Akaomba rehema, akafa.

Nimewahi kuwaona wastaafu wa namna hiyo makanisani kwetu. Tuendelee.

Ukurasa wa Talmudi wenyewe ulinifundisha jambo kabla sijaelewa hata sentensi moja. Ile wanayotumia wengi imepangwa kama ilivyochapwa Vilna miaka ya 1880. Katikati kuna Mishna, yaani mafundisho ya sheria yaliyopokewa kwa mdomo, iliyokusanywa na Rabi Yehuda karibu mwaka 200, na chini yake Gemara, yaani mabishano ya vizazi vilivyofuata juu ya hiyo Mishna. Upande mmoja yupo Rashi, mfasiri wa Troyes kule Ufaransa, aliyefariki 1105. Upande wa pili wapo Tosafot, wafasiri waliomfuata, na baadhi yao ni wajukuu wake wa damu. Kazi ya wajukuu hao, mara kwa mara, ni kusema: babu amefasiri hivi, lakini ni vigumu, kwa sababu mahali fulani imeandikwa vinginevyo. Na wachapaji hawakuona haya kumweka babu na wajukuu wanaombishia kwenye karatasi moja, ili mtoto wa miaka kumi na mitatu awasome wote.

Juma moja katikati ya Novemba, fungu la Torati la wiki lilikuwa Vayera. Torati imegawanywa mafungu 54, husomwa yote kwa mwaka, na siku wanapomaliza kufa kwa Musa hawafungi kitabu. Wanaanza tena palepale, hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Vayera ina Ibrahimu mwanzo hadi mwisho: wageni watatu, Sodoma, kufukuzwa kwa Hajiri, na mlima wa Moria. Nilifurahi. Hapa angalau niko nyumbani, nikawaza. Nimeihubiri sura ya 22 mara tatu nikiwa mwanafunzi.

Tukaanza kusoma. Mungu anasema: umchukue mwanao, mwana wako wa pekee, umpendaye, Isaka. Mwenzangu akauliza kwa nini Mungu anarefusha hivyo. Si angesema tu, mchukue Isaka? Nikasema ni msisitizo. Akaniangalia. "Msisitizo ni neno la mtu asiyetaka kusoma," akasema, akanisogezea Rashi.

Rashi, akichukua kutoka kwa marabi wa zamani, anasema hapo pana mazungumzo, ila tunasikia upande mmoja. Ni kama abiria wa daladala anayeongea na simu. Majibu yake unayasikia, ya mwenzake unayajaza mwenyewe. Mchukue mwanao. Ninao wawili. Wa pekee. Huyu ni wa pekee kwa mama yake, na yule ni wa pekee kwa mama yake. Umpendaye. Nawapenda wote wawili. Isaka.

Nilinyamaza muda mrefu. Kwa bibi yangu, kila Idi ya kuchinja, mtoto wa kwenye kisa ni Ismaili. Kwa baba, mwinjilisti, ni Isaka. Utoto wangu wote nilikula nyama ya bibi na kusikiliza mahubiri ya baba bila kuthubutu kuweka majina hayo mawili kwenye sentensi moja. Na hapa rabi wa miaka 900 iliyopita, ambaye kwake hakuna shaka aliyepandishwa mlimani ni Isaka, anamruhusu Ibrahimu kusema mbele ya Mungu: ninao wawili, nawapenda wote wawili.

Mwenzangu aliponiona nafuta macho hakuniambia pole. Aliuliza, "Umeona tatizo gani katika jibu la Rashi?" Nilikaribia kumpiga kitabu.

Ijumaa hiyo familia moja ilitualika chakula cha Sabato. Mezani walikuwa na desturi ya mtu mmoja kusema maneno machache juu ya fungu la wiki, na mwenye nyumba akanipa mimi, mgeni. Nikatoa hubiri. Lilikuwa na hoja tatu, utii, sadaka, baraka, na lilimalizika vizuri kwa sauti ya kushuka kama tulivyofundishwa. Wakanishukuru. Kisha mtoto wa kike wa miaka tisa hivi akainua mkono. Mbona kwa watu wa Sodoma, ambao hata hakuwajua, Ibrahimu alimbishia Mungu, akamteremsha kutoka 50 mpaka 10, lakini kwa mtoto wake mwenyewe hakusema kitu?

Baba yake akapiga meza kwa furaha. Mjomba akadai Ibrahimu alikuwa amechoka kubisha, maana Sodoma iliteketea licha ya mabishano yote. Mama akasema hapana, ukiwatetea wengine unaitwa mwenye haki, ukijitetea mwenyewe unaitwa mbinafsi, ndiyo maana akanyamaza. Mtoto hakuridhika na hata mmoja. Wakabishana mpaka mkate ukaisha. Hoja zangu tatu zilibaki sahanini, hakuna aliyezigusa.

Nikirudi usiku ule kwa miguu (mabasi hayatembei Sabato) nilijiuliza nilifundishwa nini miaka yote ile. Nilifundishwa kufika mbele ya watu nikiwa nimemaliza kufikiri.

Sisemi kwamba masomo ya urabi ni ubishi mtupu. Mwenzangu alikuwa na mzigo wa mambo makavu kuliko yangu. Marabi wengi, kabla ya kupewa hati, hutahiniwa sheria za chakula, hasa nyama na maziwa, ambavyo kwao havichanganywi, kwa sababu hayo ndiyo watu wanayouliza kweli. Tone la maziwa likidondokea kwenye sufuria ya nyama, je, chakula kinatupwa? Kanuni inayojulikana ni moja kwa sitini: kilichomo sufuriani kikiwa mara 60 ya hilo tone, limezama. Ila limedondokea kipande cha nyama au mchuzi? Sufuria ilikorogwa, haikukorogwa? Kitabu wanachokiegemea, Shulhan Arukh, yaani Meza Iliyoandaliwa, ni cha Yosef Karo aliyekuwa Safed. Kilichapwa Venice mwaka 1565. Karo aliandika kwa desturi za Wayahudi wa asili ya Hispania. Moshe Isserles wa Krakow, akiona watu wake wamesahaulika, akaongeza maelezo yake, akayaita Kitambaa cha Meza. Nilicheka mpaka nikakemewa. Yaani umeandaa meza, ndugu yangu, lakini hujatandika.

Nilimuuliza mwenzangu kwa nini mtu anayetaka kuongoza watu kwa Mungu apoteze miezi na vijiko. Akasema: fikiria mama aliyekuja na swali la kijiko. Ana wageni jioni na hana hela ya kununua nyama nyingine. Rabi asiyejua sheria atamwambia tupa, kwa sababu kukataza ni rahisi. Aliyesoma sana ndiye anayeweza kumwambia nenda ukapakue. Nimelishika hilo kuliko mengi niliyoandika kwenye daftari.

Hati yao wanaiita semikha, maana yake ni kuegemeza mikono, kama Musa alivyomwekea Yoshua katika Hesabu 27. Mnyororo ule wa asili ulikatika zamani, jina likabaki. Nilipomwambia kwamba nami nikirudi nitawekewa mikono kichwani hasa, alitaka kujua ni mizito kiasi gani. Sikujua. Sasa najua. Ni mizito, na wa pembeni alikuwa na pete.

Alikuwa na picha ya mwanamke mmoja ndani ya jalada la daftari lake, amevaa joho na kofia. Regina Jonas, wa Berlin. Mwaka 1930 aliandika tasnifu yenye swali moja: je, kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi mwanamke anaweza kuwa rabi? Aliyajibu maandiko kwa maandiko, yaleyale waliyokuwa wakimzuia nayo, akasema ndiyo. Akapewa semikha mwaka 1935, mwanamke wa kwanza. Mwaka 1942 alipelekwa Theresienstadt, kambi ya Wanazi, akaendelea kuhubiri na kufariji watu humo, na mwaka 1944 akauawa Auschwitz. Kisha akasahaulika. Sally Priesand alipopata semikha kule Marekani mwaka 1972, ilionekana ndiye wa kwanza. Karatasi za Jonas zilikuja kuonekana baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka.

Mimi ni mchungaji katika mahali ambapo mgeni akisikia "Mama Mchungaji" ananisalimia vizuri halafu anauliza mchungaji mwenyewe yuko wapi. Kwa hiyo picha ile niliiomba. Akanitolea nakala.

Jambo moja la kando. Pale Yerusalemu kila mtu aliyesikia natoka Afrika Mashariki aliuliza kama mimi ni wa Abayudaya, watu wa Mbale, Uganda, waliofuata njia ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu mwaka 1919 na waliopigwa marufuku enzi za Idi Amin. Walimjua Gershom Sizomu, aliyepata semikha Los Angeles mwaka 2008 akarudi nyumbani kufundisha. Mimi, niliyeishi Usambara maisha yangu yote, sikuwa nimewahi kumsikia. Nikajifunza habari za majirani zangu kutoka kwa bibi mmoja wa Chicago, kwenye foleni ya chai.

Tarehe 5 Januari 2020 mwenzangu alinipeleka kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano wa jiji. Kuna watu duniani kote wanaosoma karatasi moja ya Talmudi kila siku, wote karatasi ileile. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1923 na Rabi Meir Shapiro. Karatasi ni 2,711, kwa hiyo safari ni miaka saba na nusu, na mzunguko wa kumi na tatu ulikuwa ndio kwanza umeisha. Sherehe hii ilikuwa ya wanawake, wapata elfu tatu hivi. Vizazi vingi wanawake hawakufunguliwa kitabu hiki. Nilikaa kati ya vikongwe na wasichana wa shule, sielewi nusu ya Kiebrania chao cha kasi, mpaka waliposimama kusoma maneno yanayosomwa kila anayemaliza kitabu. Hadran. Tutakurudia, nawe utaturudia. Akili zetu ziko kwako, na akili yako iko kwetu. Hatutakusahau, nawe hutatusahau, si katika dunia hii wala katika ile ijayo. Wanamwambia kitabu hivyo. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa akilia kwa kwikwi kama yuko msibani, na jirani yake anamcheka.

Machi korona ilifunga kila kitu, nikapata ndege ya mwisho mwisho kupitia Addis. Hatukuachana. Jumatatu usiku, saa za kwangu, tunasoma kwa simu. Mtandao wa milimani unakataa, kwa hiyo nasimama kando ya tangi la maji la shule, palipo na mawimbi mawili, nimejifunga shuka, nampinga mtu aliye ng'ambo ya bahari juu ya ng'ombe aliyempiga pembe mwenzake. Walinzi wa shule wamezoea.

Usharikani mambo yalikuwa magumu. Nilipoanza somo la Biblia la Jumatano niliwagawa watu wawili wawili, nikasema msome kisha mpingane. Hakuna aliyefungua mdomo. "Utuambie wewe, Mchungaji," wakasema, "ndiyo kazi yako." Mzee mmoja alikwenda kulalamika kikaoni kwamba binti waliyeletewa hajui maandiko, anauliza watu. Niliumia. Majuma kadhaa nikarudi kwenye hoja tatu, na watu wakafurahi, na sadaka ikapanda kidogo, niseme ukweli.

Nilijaribu tena mwaka jana, safari hii kwa Kisambaa na si ukumbini bali uani kwa mama mmoja mjane, wakichambua maharage. Tulisoma Mwanzo 22 polepole. Wakati wa kwenda, andiko linasema mara mbili kwamba baba na mtoto walikwenda wote wawili pamoja. Niliposoma mstari wa 19, kwamba Ibrahimu akawarudia vijana wake wakaenda pamoja Beer-sheba, mwenye nyumba akasimamisha mikono kwenye ungo.

"Na mtoto?"

Nikasema, mtoto gani.

"Isaka. Walipanda wawili. Hapo ameteremka mmoja."

Nilikuwa na jibu. Marabi waliuliza hivyohivyo, na midrashi moja, yaani fasiri yao moja ya kale, inasema Ibrahimu alimpeleka Isaka kwa Shemu, mwana wa Nuhu, akasome Torati. Lilikuwa ulimini. Nikachukua konzi ya maharage nikaanza kuchambua.

"Ameogopa," akasema jirani yake. "Baba amekushikia kisu, utarudi naye njia moja?"

"Hapana, wewe. Kama ameogopa angemkimbilia mama yake, na mama yake sura inayofuata amekufa. Soma."

"Kwani nani alimwambia mama?"

Yule mzee aliyenishtaki kikaoni alikuwa amekaa kizingitini, amekuja kufuata jembe lake. Akavuta kigoda.

"Rudieni huo mstari," akasema. "Mimi sikubaliani na nyie wote."